Miko miwili ya jikoni: wachaguzi wa chakula na sikukuu za kwetu Kasongo na Kabambare

Katika Kiswahili neno mwiko lina maana mbili. Mwiko ni ule ubao ambao mama anasongea bukari. Tena mwiko ni katazo, ni kitu ambacho mtu hakili juu ya ukoo wake ao juu ya dini yake. Pengine ni maneno mawili tofauti yaliyofanana kwa bahati tu. Lakini kwa mama wa Kasongo ao wa Kabambare anayepika siku ya Idi, ya Noeli ao ya Bonane, hiyo miko miwili inashikwa na mkono mmoja. Hawezi kusonga chungu cha sikukuu bila kujua kwanza nani hali nini.

Tutazame familia moja, sawa zile ambazo kila msomaji wetu anazijua. Baba ni Mwislamu. Mama alibatizwa parokiani, na hata kiisha yeye kuolewa ndugu zake wamebaki Wakatoliki. Mjomba mmoja ni Msabato: samaki asiye na magamba, kama kambale, hamgusi. Shemeji ni mfuasi wa Kanisa la Kimbangu: hanywi pombe, hali nguruwe wala makako. Babu ana mnyama wa ukoo wake, na hapendi hata kumsikia akitajwa mbele ya chakula. Kijana aliyerudi toka masomo ya Lubumbashi anasema mawese yanamchoma tumbo. Na yule mdogo wa mwisho hataki kitu chochote cha majani; anataka mchele tu, na kipande cha nyama kisicho na mfupa. Wote hao wanakuja kula siku moja, katika kiwanja kimoja, na kila mmoja anangoja kuona kama amekumbukwa.

Wageni wengi wameandika juu ya Maniema kwa habari ya vita, ya pembe za tembo na ya dhahabu. Juu ya jiko letu waliandika kidogo. Sisi tunaona kwamba ni jikoni ndipo watu wa dini na kabila mbalimbali wa inchi hii walijifunza kuketi pamoja. Katika insha hii tunataka kueleza namna gani wazee wetu, na zaidi mama zetu, walifika kulisha watu wasiokula sawa, na juu ya nini ujuzi huo usiachwe upotee.

Soko lilitangulia sahani

Kusini mwa Maniema hapakuwa hata siku moja mahali pa chakula kimoja. Hapa ndipo msitu unapoachana na mbuga, na mto Lualaba unapita kati. Wazimba, Wabangubangu, Wakusu, Wabuyu na wengine walikula kila mmoja kadiri ya udongo wake: huyu ndizi na mihogo, yule mahindi na mtama, huyu nyama ya pori, yule karanga na uyoga. Wagenya, watu wa mto, walikuwa na samaki kuliko mashamba. Basi soko lilikuwa ni lazima, maana mwenye samaki hawezi kula samaki peke yake, na mwenye mihogo vilevile.

David Livingstone, aliyefika Nyangwe mwaka 1871, aliliona soko la kando ya Lualaba na kulishangaa. Wauzaji wengi walikuwa wanawake. Walikuja kwa miguu na kwa mitumbwi, wakiwa na samaki, mihogo, mafuta ya ngazi, kuku, chumvi na vyungu, na kelele ya kupatana bei ilisikika mbali. Pale watu waliokula tofauti walizoeana. Si lazima upende chakula cha mwenzako ili umheshimu. Inatosha kujua kwamba kwake ni chakula.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani walipiga bunduki katikati ya soko lile. Mamia ya watu, wengi wao wanawake, walikufa kwa risasi ao kwa kuzama mtoni. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu mtu akisimulia historia ya chakula cha Maniema bila kusema damu iliyomwagika sokoni, amesimulia nusu tu.

Mchele ulikuja namna gani

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye wote wanamjua kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo toka karibu mwaka 1875. Pamoja naye walikuja watu wa pwani, na kwa kukaa nao wakatokea wale tunaowaita Wangwana. Wengi wao walikuwa watu wa hapa hapa, waliokamatwa wakiwa vijana ama watoto, wakavaa kanzu, wakajifunza kusali, wakasema Kiswahili, kiisha wakachukua jina hilo ambalo maana yake ni watu huru. Hao ndio waliotia mpunga katika udongo wetu.

Walilima kweli kweli. Daktari Mwingereza Sidney Hinde aliingia Kasongo pamoja na jeshi la Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, siku mji ulipotwaliwa na Leta ya Leopold. Aliandika kwamba kupita shamba moja tu la mpunga, akiwa amepanda mnyama, kulimchukua saa moja na nusu. Aliandika tena juu ya maghala yaliyojaa mchele, kahawa na mahindi, na juu ya bustani za machungwa, mapera, makomamanga, mananasi na maembe. Mahali pa mji ule wa zamani tunapaita hivi leo Tongoni, ni kusema mahame.

Lakini mashamba yale hayakulimwa na upepo. Waliolima na waliopura walikuwa watumwa, na waliotwanga na kupika walikuwa wanawake watumwa. Siku ya Idi wenye nyumba walikaa barazani, na huko nyuma, penye moshi, walikuwa wale ambao hakuna kitabu kilichoandika majina yao. Wazungu nao waliposhika utawala hawakuuacha mpunga. Toka mwaka 1917 sheria ya kilimo cha lazima ilimwamuru mwanakijiji kulima kipande alichopimiwa: pamba hapa, mpunga kule. Aliyekosa aliweza kufungwa, na fimbo haikuwa mbali. Basi kwa vizazi vingi mchele ulikuwa jasho la kulazimishwa.

Na sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalifikiri. Mchele huo, uliokuja kwa njia chungu namna hiyo, ndio umekuwa chakula cha amani cha sikukuu zetu. Juu ya nini? Sababu ni nyepesi. Mababu walioweka miko ya koo hawakuujua mchele. Waliukataza ukoo huyu ndege, yule mnyama, samaki fulani, uyoga fulani. Mchele ulipofika, ulikuta makatazo yamekwisha kugawanywa. Hatujui ukoo wa kwetu ambao mwiko wake ni mchele. Mwislamu anaula, Mkatoliki anaula, Msabato anaula, mfuasi wa Kimbangu anaula, na yule mtoto wa mwisho asiyetaka kitu anaula pia. Tena hata ukiisha kuiva sisi tunauita mchele. Watu wa pwani wanauita wali.

Mchele katikati, michuzi pembeni

Juu ya msingi huo mama zetu walijenga desturi yao ya upishi. Mtu wa haraka anaweza kusema ni kupika tu. Lakini akitazama vizuri ataona kuna mpango.

Kwanza, mchele wa sikukuu unapikwa mweupe, katika sufuria kubwa juu ya mafiga, na chumvi kidogo. Ukikaribia kukauka unafunikwa na majani ya ndizi, moto unapunguzwa, na makaa machache yanawekwa juu ya kifuniko. Nyumba yenye nafasi inapika pilau pia, lakini hata hapo mama mwenye akili anaacha sufuria moja ya mchele mweupe. Pilau ina nyama ndani, na nyama ndiyo inayoleta maswali. Mchele mweupe hauna swali.

Pili, mchuzi haumwagwi juu ya mchele. Unakaa mbali, katika bakuli yake: kuku mbali, mbuzi mbali, samaki mbali, maharagi mbali. Kwa watu wa inchi nyingine hiyo ni adabu ya meza tu. Kwetu ni ulinzi. Asiyekula samaki anaruka bakuli ya samaki bila kusema neno, na hakuna anayemwuliza.

Tatu, sombe. Hii ndiyo kazi ya subira. Majani ya mihogo yanatwangwa katika kinu, yanachemshwa muda mrefu mpaka ukali uishe, kiisha ndipo vinatiwa vitu vingine: karanga zilizosagwa, mawese, samaki mkavu. Mama anayejua wageni wake anateka sehemu moja na kuiweka kando mbele ya kutia samaki, na nyingine mbele ya kutia mawese. Chungu kimoja kinatoa sombe tatu. Pilipili haiingii chunguni. Inasagwa na kuwekwa katika kisahani.

Nne, nyama ya pori ambayo wengine hawaruhusiwi, sawa nguruwe ya pori ao makako, haipikwi katika vyungu vya nyumba iliyochanganyika. Mwenye kuitaka anaipikia kwake, ama nyuma ya kiwanja, kwa chungu chake na mwiko wake. Si kumchukia. Chungu kina kumbukumbu, wanasema wamama, na anayekula baadaye ana haki ya kujua kilichopita mle.

Mwisho, kuketi. Wanaume wanazunguka sinia yao, wanawake yao, watoto yao, na mikono inanawishwa kuanzia kwa mkubwa. Katika sinia kila mmoja anakula upande wake. Ile nayo ni shule: unaona mwenzako anaacha nini, na siku nyingine hutampa.

Nani ashike kisu

Swali zito kuliko yote ya sikukuu si la mwiko wa kupikia, ni la kisu. Mwislamu hali nyama isipokuwa imechinjwa kwa sheria: mnyama akiwa mzima, koo likikatwa, jina la Mungu likitajwa, damu ikitoka. Mkristo wa kwetu kwa kawaida hana sheria ya namna hiyo. Basi katika nyumba nyingi zilizochanganyika wazee walipatana hivi: achinje Mwislamu, hata kama sikukuu ni Noeli. Kwa nini? Kwa sababu nyama aliyochinja Mwislamu Mkristo anaweza kuila, na wote wawili wakashiba. Ikiwa kinyume chake, mmoja anaweza kubaki na mchele mtupu. Hawakufanya shauri la nani mkubwa. Walimfuata yule mwenye masharti mengi, ili asibaki nje.

Wasomaji wetu wa dini zote mbili wanaweza kuona kwamba hekima hii haipingani na vitabu. Sura ya tano ya Kurani inaitwa Al-Maida, ni kusema Meza, na inasimulia namna wanafunzi wa Isa walivyoomba meza ya chakula ishuke toka mbinguni iwe sikukuu kwao. Katika sura hiyo hiyo chakula cha watu waliopewa Kitabu kimeruhusiwa kwa Waislamu, na wanazuoni wamezungumza sana juu ya mipaka yake. Paulo naye, akiwaandikia Wakorinto, aliwafundisha wenye dhamiri isiyosumbuka juu ya nyama wasiitumie hiyo kumwangusha ndugu ambaye dhamiri yake inasumbuka. Mzee aliyemwita jirani yake Mwislamu aje kuchinja mbuzi wa Noeli pengine hakusoma barua hiyo, lakini aliitimiza.

Mapatano ya namna hii si imara kama jiwe. Inafaa kuyatunza. Tuliona mfano katika inchi ya jirani. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere, mkoa wa Geita nchini Tanzania, mabishano juu ya nani achinje nyama ya kuuza yaligeuka vurugu, na mchungaji mmoja akauawa. Watu wale walikuwa wamekaa pamoja miaka na miaka, wakinunua nyama katika bucha moja. Kisu kile kile kilichowaunganisha kikawa sababu ya kuwatenga, siku desturi ilipoitwa amri na kila upande ukaona umedharauliwa.

Hapa kwetu tunasikia maneno ambayo yanatutia wasiwasi. Wako wahubiri, upande huu na upande ule, wanaowaambia vijana kwamba kula sahani ya sikukuu ya mwingine ni kushiriki dini yake. Kijana anarudi nyumbani kwa shangazi yake siku ya Idi, anaketi mbali, anasema ameshiba. Shangazi anajua hajashiba. Hakuna aliyetukana mtu, lakini kitu kimevunjika. Mwenye mwiko wa kweli anasema «hii sili» na anakula kingine. Mwenye kukataa nyumba anasema «sitaki kitu». Hayo mambo mawili hayafanani.

Mwiko wa kweli na mwiko wa tumbo

Tukiwasifu wazee, tusiwape yote. Si kila kilichoitwa mwiko kilikuwa mwiko. Tunaona inafaa kupambanua kukataa kwa namna tatu.

Namna ya kwanza ni mwiko wa ukoo na katazo la dini. Huo unaheshimiwa bila kuuliza sababu. Mpishi haumchekeshi mtu, wala haumfichi kitu ndani ya mchuzi ili kumjaribu. Kumlisha mtu mwiko wake kwa hila kwetu ni kosa kubwa, karibu sawa na kumtilia sumu.

Namna ya pili ni kinywa tu: mtu hapendi. Mtoto hataki sombe, kijana hataki mawese, mwingine anataka paja la kuku na si shingo. Huyu wazee walimfundisha polepole. Hawakumpikia chungu chake, lakini hawakumlazimisha kwa fimbo pia. Waliweka kidogo mbele yake, wakasubiri. Watu wa pwani wanasema mchagua nazi hupata koroma. Nazi kwetu ni haba, lakini maana yake tunaijua vizuri.

Namna ya tatu ndiyo yenye kasoro, na tunaiita mwiko wa tumbo. Katika nyumba nyingi za Kongo firigisi ya kuku ni ya baba, na mwanamke aliyeila bila ruhusa alileta kesi nzima. Sehemu nyingi pia wanawake, na zaidi wenye mimba, walikatazwa mayai, ao kuku, ao samaki fulani, ao nyama fulani nzuri. Walitishwa kwamba mtoto atazaliwa na upungufu. Ukiangalia orodha ya vilivyokatazwa, mara nyingi ni vile vitamu na vyenye nguvu, na mara nyingi vilibaki kwa wanaume. Na mwanamke mwenye mimba ndiye hasa anayehitaji mayai na samaki. Kwa hiyo yule aliyetwanga toka alfajiri, akapuliza moto, akakumbuka miko ya wote, ndiye aliyekula mwisho, na kipande chake kilikuwa mfupa.

Namna gani kupambanua mwiko wa kweli na mwiko wa tumbo? Tunapendekeza kipimo kimoja. Mwenye mwiko wa kweli anajinyima yeye mwenyewe. Mwenye mwiko wa tumbo ananyima wengine. Babu asiyekula mnyama wa ukoo wake hapati faida yoyote. Anapoteza kipande cha nyama. Baba anayesema firigisi ni mwiko kwa wanawake anapata firigisi. Kipimo hiki ni rahisi, na watoto wetu wa kike na wa kiume wanaweza kukitumia.

Njaa na ruhusa zake

Ilifika miaka ambayo uchaguzi wote ulikwisha. Mwaka 1964, wakati wa uasi, watu walikimbilia msituni. Ilikuwa vilevile toka 1996, na zaidi toka 1998 mpaka 2003, wakati njia zilipofungwa, mbuzi na kuku wakanyang'anywa, na chumvi ikawa kitu cha kusafiri nacho siku nyingi juu ya kinga, ile baiskeli ya kubebea mizigo. Hata kiisha hapo amani haikurudi sawasawa, na upande wa Kabambare watu waliendelea kukimbia vijiji vyao mara kwa mara.

Msituni mtu anakula kinachopatikana. Sura ile ile ya Al-Maida inamruhusu mwenye kushikwa na njaa kali kula kilichokatazwa, bila kupenda dhambi. Wakubwa wa koo nao walijua kwamba mwiko umewekwa kwa ajili ya watu hai. Lakini ni neno la kufikiri kwamba wengi, walipotoka msituni, hawakuendelea kula vile walivyokula kwa njaa. Walirudi kwenye miko yao sawa mtu anayerudi kwenye nyumba yake. Kuweza kusema tena «hii sili» kulikuwa alama kwamba vita vimekwisha, kwamba umekuwa tena mtu mwenye ukoo na mwenye Mungu. Kwa hiyo tusiwacheke wachaguzi. Anayechagua ni mtu aliyepona.

Miaka ambayo sikukuu zinakutana

Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi. Una siku 354 ao 355. Kwa hiyo Idi inarudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka wa jua, na kila baada ya miaka 32 ao 33 Idi ya kufungua Ramazani inafika karibu na Noeli. Hiyo ndiyo miaka ambayo jiko la familia iliyochanganyika linapimwa.

Tuihesabu. Mwaka 1870 Livingstone alikuwa Kabambare, ambayo aliiandika Bambarre, akiugua vidonda vya miguu, na watumishi watatu tu waliobaki naye: Susi, Chuma na Gardner. Wafanyabiashara Waislamu walikuwa na kambi zao katika inchi hiyo hiyo. Kwa hesabu ya kalenda, Ramazani ya mwaka 1287 wa hijria ilikwisha siku ya Noeli yenyewe ao jirani yake. Basi mwaka ule wenye kuhesabu Noeli na wenye kungoja mwezi walikuwa pamoja katika inchi yetu, na sikukuu zao ziliangukia karibu siku moja.

Zilikutana tena mwaka 1903, chini ya Leta ya Leopold. Zikakutana mwaka 1935, wakati Wabelgiji walipowatazama Waislamu wa Kasongo kwa jicho la mashaka, na tarika ya Kadiriya ikahesabiwa kuwa hatari. Zikakutana Desemba 1968, miaka michache baada ya uasi. Miaka sita baadaye, 1974, serikali ya Mobutu iliifuta Noeli katika siku za mapumziko ya inchi. Watu walikwenda kazini mchana na kula sikukuu yao jioni, na majirani Waislamu walijua vizuri nini maana ya kufanya sikukuu bila serikali kukupenda.

Mwaka 2000 ulikuwa na Idi mbili za Ramazani: moja karibu tarehe 8 Januari, nyingine karibu tarehe 27 Desemba, siku mbili tu baada ya Noeli. Ulikuwa mwaka wa vita. Na mwaka 2006, mwaka wa uchaguzi mkubwa, Idi ya kuchinja ilifika mwisho kabisa wa Desemba, ikashikana na Bonane. Sheria ya Idi hiyo inataka nyama igawanywe: sehemu ya nyumba, sehemu ya ndugu na majirani, sehemu ya maskini. Idi ya kufungua nayo ina zaka yake ya chakula, pishi kwa kila kichwa cha nyumba, karibu kilo 2 na nusu, itolewe mbele ya sala. Inatolewa kwa chakula ambacho watu wa mahali wanakula. Kwetu hiyo ni mchele. Hata hapo tunaukuta katikati.

Yanayobaki kufanya

Mwaka 2033, Mungu akipenda, utakuwa tena na Idi mbili za Ramazani: ya kwanza siku za mwanzo wa Januari, ya pili karibu tarehe 23 Desemba. Watoto wanaosoma shule ya msingi leo ndio watakaopika ile siku. Watapika wakijua nini?

Tunaomba mambo matatu kwa wasomaji wetu. La kwanza, kila familia iandike miko yake katika daftari, wangali hai wenye kuijua: ukoo gani, mnyama gani, kwa sababu gani kama inajulikana. Miko ikisahauliwa, tutalishana vibaya bila kujua, ama tutazua miko mipya ya kutengana. La pili, wavulana nao wafundishwe kupika mchele na kutwanga sombe. Ujuzi wa kulisha watu wasiokula sawa si kazi ya jinsia moja, na mwanaume aliyepuliza moto siku nzima atafikiri mara mbili mbele ya kudai firigisi. La tatu, yule anayekatazwa na dini yake kitu fulani katika nyumba ya ndugu yake, akitaje kitu hicho kwa jina, aketi, na ale kilichobaki. Kuna daima kilichobaki: sufuria ile ya mchele mweupe imepikwa kwa ajili yake.

Wazee walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Ni neno la kweli na ni neno la huzuni kidogo. Lakini Kasongo na Kabambare, penye watu waliokimbia pamoja, waliofichana na waliozikana bila kuulizana dini, wengi waliokula nasi ndio waliokuwa tayari kufa nasi. Kwa ajili ya hao, mama wa kwetu ataendelea kuuliza kila sikukuu mbele ya kuwasha moto: nani anakuja, na hali nini?